Kabla Hujala, Taja Mtoto

Nakumbuka siku moja kwa harufu yake kabla sijaikumbuka kwa sura. Ilikuwa Jumamosi, Uyole, mnamo saa nne asubuhi. Malori yalikuwa yamejipanga yakisubiri viazi, na mimi nimesimama nje ya mlango wa choo cha gesti, namwita dada mmoja kwa jina lake na haitikii. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, mwanangu, na mpaka leo nikipita mahali walipodeki kwa dawa kali naziba pua, na moyo unaenda mbio kama wa mwizi.

Sikupanga kuyaandika haya. Ila wiki iliyopita alikuja hapa kibandani kwangu, ninapotengeneza mabomba ya kupulizia viazi, mwalimu kijana wa shule yetu ya kata. Anaitwa Lusajo, anafundisha kemia, na ni mwepesi wa kucheka. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Nasikia una vizibo vingi vya soda. Nataka kuwachezesha wanafunzi. Kemia imewashinda, wanaogopa hata kitabu. Nikiwaletea mchezo watakuja wenyewe."

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia vizibo vipo, arudi Ijumaa. Alipoondoka nilikaa nimeshika spana bila kujua nafungua nini. Maana mchezo huo naujua. Niliwahi kuwa bingwa wake.

Nilisoma sekondari moja ya milimani upande wa Mufindi, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Sikumaliza. Kidato cha pili kilinitosha, au niseme mimi ndiye sikukitosha, kwa sababu miguu yangu iliniwasha tangu utoto. Nimebeba magogo Mgololo, nimekoboa mpunga Rujewa, nimefungua redio za watu nikazirudisha na nati mbili zimebaki mkononi. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na kweli nimeona mengi. Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu nilitaka kukijua, na kabla sijakijua chote nilikuwa nimeshahama.

Kemia tulifundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe tulikijua kwa kuvizia. Tuliimba majina ya elementi kama pambio, tukatoka darasani hatujui tumemsifu nani. Mwalimu wetu, Mwalimu Tusajigwe, mama mfupi wa sweta la kijivu, aliliona hilo likamuuma. Mwalimu mwingine angechukua fimbo. Yeye alikwenda madukani akaokota vizibo, akaandika juu ya kila kimoja alama ya elementi, akatuletea ubao wa drafti.

Drafti unaijua. Kijiwe gani hakina? Sasa hii yake ilikuwa na sheria zake. Kete yako ikikutana na kete ya mwenzako na zinaweza kuungana, unaila. Lakini kabla mkono haujainuka, lazima useme kwa Kiswahili au kwa Kiingereza au kwa Kihehe, lugha yoyote, hao wawili wakiungana anazaliwa nani, na huyo aliyezaliwa ana tabia gani. Mwenyewe aliita kutaja mtoto. "Sodiamu na klorini?" anauliza. Unajibu, "Chumvi ya mezani, Mwalimu, anakaa jikoni, hana ubaya." "Kaboni na oksijeni, ila oksijeni ni haba?" Hapo darasa linanyamaza, maana kwetu baridi ni kali na kila mwaka tulisikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani hawakuamka. "Huyo anaua, Mwalimu. Hana harufu."

Na hapo ndipo ilipokuwa sheria yake ya pili. Kwenye drafti ya mtaani kula ni lazima, usipokula unaadhibiwa. Kwa Mwalimu Tusajigwe uliruhusiwa kukataa. Ukiona mtoto atakayezaliwa ni hatari, unasema "Nakataa kula," unaeleza kwa nini, na unapewa zamu mbili.

Tulimcheka. Nani anakataa kula? Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nilikuwa mwepesi wa macho, na siku ya tatu tu nikagundua siri: Mwalimu alitumia vizibo vya rangi ya chungwa kuandikia metali, na vya kijani kuandikia zisizo metali, kwa sababu ndivyo alivyovipata. Basi sikuhitaji kusoma alama. Chungwa anakula kijani. Nikawafundisha wenzangu, na wakati wa mapumziko tukawa tunacheza hivyo, haraka haraka, bila kutaja mtoto wa mtu. Anayesita anazomewa: "Wewe, umelala? Chungwa anakula kijani, maliza!" Mbele ya Mwalimu nilikariri watoto kumi na tano wa kawaida, nikawa nawataja kama kasuku. Akanipigia makofi. Aliamini najua. Nami niliamini, na hilo ndilo lililonitia hasarani. Mwongo anayejua anadanganya ana pa kurudia. Mimi sikuwa na pa kurudia.

Wanasema mchezea tope humrukia. Langu halikunirukia mimi, lilimrukia mwingine.

Miaka michache baadaye miguu ilinifikisha Uyole. Nikapata kazi kwenye gesti ya Bi Zena, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani wakaja Mbeya na biashara ya vitambaa, wakabaki. Wageni wake walikuwa madereva wa malori. Mimi nilichota maji, nilitengeneza vitasa, na jioni niliwachezesha madereva drafti yangu ya vizibo. Wakaniita Profesa, na jina likanivaa kama kanzu ya kuazima.

Usafi wa vyumba alifanya Sekela, binti wa Tukuyu, mcheshi, mwenye sauti. Ninaposema sauti, mwanangu, usifikiri najaza maneno. Alikuwa mwanzishaji kwenye kwaya ya kanisa lao. Alipokuwa akifagia ua huku akiimba polepole, dereva aliyewasha gari anazima amsikilize. Jumapili ile kwaya yao ilikuwa inakwenda mjini kuimba mbele ya kwaya nyingine, na wimbo mzima ulimtegemea yeye afungue.

Jumamosi asubuhi alikuja na ndoo mkononi. "Profesa, kile choo cha mwisho kimenishinda. Uchafu umeganda kama ugali wa jana. Na mimi saa sita niko mazoezini."

"Dawa umeweka?"

"Nimeweka ya choo. Haikutoka."

Kulikuwa na chupa mbili stoo. Moja nyeusi, dawa ya choo, ile yenye asidi. Nyingine ya bluu, dawa ya kung'arishia mashuka meupe. Nilizitazama na nikajisikia bingwa. "Hii kali, na hii kali," nikamwambia. "Wakali wawili wakikutana hakuna uchafu utakaobaki. Changanya."

"Una uhakika?"

"Dada, unaniuliza mimi?"

Akacheka. "Haya, Profesa, ukiniua utaimba wewe kesho."

Nilikwenda mwenyewe nikamwaga chupa zote mbili mle shimoni. Choo kilikuwa chembamba, na dirisha Bi Zena alilizibisha kwa mbao kwa sababu ya baridi. Nikamwambia Sekela asugue kwa nguvu, na nikasema neno ambalo, kama ningepewa nafasi ya kufuta moja tu maishani, ningefuta hilo. Nilisema, "Funga mlango, harufu isiwafikie wageni." Kisha nikaenda getini kumsaidia dereva kubadili tairi.

Sijui nilikaa huko muda gani. Nilihisi kwanza koo likiwasha, nikadhani mtu anakaanga pilipili. Halafu nikakumbuka kwamba sijamsikia Sekela akiimba. Nilikimbia. Nilimwita, nikamwita tena. Niliposukuma mlango hewa iliyotoka ilinikata macho, na pale chini, karibu na sakafu, ilikuwa na rangi. Kijani cha kufifia, chenye umanjano. Yeye alikuwa amepiga magoti, kitambaa mdomoni, anakohoa bila sauti.

Tulimbeba kwenye pikapu ya viazi mpaka hospitali mjini. Bi Zena alipanda nyuma amempakata, mtandio wake ameuloweka maji amemfunika nao uso, midomo yake inasoma dua. Mimi nilishika miguu ya Sekela. Ilikuwa ya baridi, na kila alipovuta pumzi ilitoka filimbi kifuani, na kila filimbi nilijiambia hiyo ndiyo ya mwisho.

Daktari alikuwa kijana. Aliuliza haraka, "Amevuta nini? Mmechanganya nini?"

"Ya chupa nyeusi," nikasema, "na ya chupa ya bluu."

"Kaka, rangi sikuulizi. Nauliza jina."

Mwanangu, nilifungua mdomo, na bingwa hakuwa na jina. Nilikuwa nimezishika chupa zile kwa miezi. Zilikuwa na maandishi ubavuni, na onyo lenyewe lilikuwepo, herufi ndogo ndogo. Sikuwahi kuyasoma, kwa sababu nilishajua ipi nyeusi na ipi bluu. Ilibidi Bi Zena amrudishe dereva wa pikapu Uyole azilete chupa. Daktari hakumwacha Sekela, walimpa hewa ya mtungi pale pale. Lakini mimi nilikaa kwenye benchi nikihesabu kila gari linaloingia getini, kwa kuwa mtu alikuwa anakufa na mimi niliyemjua muuaji sikujua anaitwa nani.

Bi Zena alikaa kando yangu. Hakunifokea. Alisema tu, "Alikuuliza una uhakika. Nilikuwa jikoni, nilisikia."

Ningependelea anipige.

Siku mbili walitukataza kumwona. Jumapili kwaya yao iliimba bila yeye, nasikia alifungua binti mwingine, akatetemeka katikati. Siku ya tatu walituambia hatakufa. Bi Zena alilia, mimi sikuweza. Nilipanda lori la mbao nikaenda Mufindi. Sikujua naenda kutafuta nini. Labda nilitaka mtu aniambie kosa si langu, ni la mchezo.

Mwalimu Tusajigwe nilimkuta kwenye nyumba ya mwalimu, anachambua maharage. "Kamwene," akanisalimu, kama mtu aliyeniona jana. Nilimweleza yote, pamoja na chungwa na kijani. Alisikiliza huku akichambua. Nilipomaliza nikaongeza, Mungu anisamehe, "Mwalimu, ule mchezo ulitudanganya."

Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Alirudi na ubao ule ule, umepauka, na mfuko wa vizibo. Akavipanga. Vyote vilikuwa vyeupe. Alikuwa amevipaka rangi moja.

"Ulivyoondoka nilikuja kugundua," alisema. "Darasa zima walikuwa wanacheza kwa rangi. Nilijilaumu mimi, kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Haya, cheza."

Nilitazama ubao. Alama zilikuwepo, zile zile, kwa mwandiko wake ule ule. Sikujua pa kuanzia. Mkono wangu, uliokuwa mwepesi kuliko mikono yote ya shule ile, ulikaa hewani kama wa mtu anayepapasa gizani. Niliona aibu ambayo sijaiona tena.

Akaondoa kete zote, akaacha mbili, zilizobebana vizibo viwili viwili. Kete ikifika upande wa pili inakuwa kingi, na kwenye mchezo wake kingi alikuwa kitu kilichokwisha kuungana: chokaa, magadi, tindikali. "Huyu ni asidi ya dawa yako ya choo," alisema. "Huyu ni dawa yako ya mashuka. Wako jirani. Nani anazaliwa?"

"Klorini," nikasema. Daktari alishanifundisha.

"Ana tabia gani?"

Nilitazama chini. Niliona magoti ya Sekela kwenye sakafu.

"Ulijua nani anamla nani," alisema taratibu. "Hukuwahi kuuliza anazaliwa nani. Halafu mchezo una huruma, mwanangu. Kete iliyoliwa inarudi mfukoni, kesho tunacheza nayo tena. Uyole hakuna mfuko. Ndiyo maana niliwapa ruhusa ya kukataa, mkanicheka. Sasa zamu yako. Kula."

Nilizitazama kete zile mbili, nikaliona somo zima ambalo nilikimbia.

"Nakataa," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Nilieleza mpaka jua likayafikia maharage, na nilipofika mwisho ndipo machozi yalinitoka. Yeye akasema, "Sasa umepata zamu mbili. Zitumie vizuri."

Niliporudi Mbeya, Sekela alikuwa ameketi kitandani. Nilisimama mlangoni sijui niingie au nibaki. Aliponiona alitabasamu, akasema jambo, na nilidhani anaongea mtu mwingine. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ndogo, kama jani kavu linaloburutwa.

"Profesa. Sauti yangu umeila."

"Nimeila, Sekela."

"Na mtoto hukumtaja," akasema, maana alikuwa akitutazama tukicheza na madereva. Kisha akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, na muuguzi akanifukuza.

Sauti haikurudi. Alingoja mwaka, akangoja wa pili, akala asali ya kila mtu aliyemwambia asali inasaidia. Hakufungua wimbo tena. Alinisamehe zamani, na ni dada yangu mpaka leo, wajukuu wake wananiita babu. Lakini Jumapili kwaya inapoanza mimi hutazama chini. Msamaha haumnyimi mtu kumbukumbu.

Ndiyo sababu, mwanangu, wiki hii nzima sikulala vizuri. Nikifumba macho nasikia watoto wa Mwalimu Lusajo wakizomeana, "Maliza, umelala?" Na nikiyafumbua naona hapa kibandani wakulima wananiletea mabomba ya dawa za viazi. Nikiwauliza mlitia dawa gani wananijibu, "Ile ya kifuniko chekundu, mzee, tukachanganya na ya kifuniko cha njano." Wanaambiana hivyo shambani, baba kwa mwana, jirani kwa jirani. Naweka spana chini. Nawauliza jina, wanacheka: mzee naye.

Nilifikiri kumnyima kijana yule vizibo. Nilifikiri kumwambia awaache watoto na vitabu vyao. Lakini nikajiuliza, ni wangapi darasani kwetu waliokumbuka lolote kutoka vitabuni? Hakuna hata mmoja, ila wote tunakumbuka yule wa jiko la mkaa asiye na harufu. Mchezo haukutudanganya. Mimi ndiye niliyeutoa kiini nikagawa ganda.

Basi nimevipaka vyote rangi nyeupe. Vizibo mia mbili na zaidi, nimevianika juu ya bati, na Sekela amekuja kunisaidia kuandika alama. Ijumaa alivipeleka yeye. Mwalimu Lusajo alimwomba awaeleze wanafunzi sheria, nami nilisimama nje ya dirisha kwa woga wangu. Kelele za darasa lile zilikuwa za soko. Sekela akafungua mdomo, na kwa vile sauti yake ni ndogo, mmoja alimnyamazisha mwenzake, na huyo mwenzake mwingine, mpaka ukimya ukafika madirishani. Akasema, "Kabla hujala, taja mtoto. Na ukimwogopa mtoto, kataa."

Binti mmoja wa mbele akauliza, "Bibi, tukikataa si tutashindwa?"

"Mimi," alijibu Sekela, "nilikuwa na mtu asiyekataa." Hakutazama dirishani.

Mwanangu unayesoma, nasaha yangu ni hii, na ni fupi kuliko hadithi yake. Cheza, usiogope kucheza, maana elimu inayochekesha hukaa. Ila kushinda mchezo na kujua jambo ni ndugu wawili wanaofanana sura, usije ukamfungulia mmoja mlango ukidhani ni mwingine. Kitu utakachokitia mkononi, kijue kwa jina lake, soma yale maandishi madogo, na ukiulizwa una uhakika, usijibu kwa kiburi cha jina ulilopewa kijiweni. Kuuliza si ujinga, na kusema sijui hakujawahi kumfungia mtu chooni. Wakali wawili wakikutana mbele yako, kumbuka una haki ya kukataa. Na wewe mwalimu, mtoto wako akiwa mwepesi kupita kiasi, badilisha rangi umwone.

Mungu akupe macho ya kusoma na moyo wa kungoja. Pumzi yako iwe nyepesi kama upepo wa Mufindi asubuhi, na wale wanaokuamini wasilipie haraka yako. Sauti uliyopewa uzeeke nayo, na ya mwenzako isipotee mikononi mwako. Amina.